Kubashiri Wageni: Mallorca na Zanzibar

Ubashiri wa utalii kwa kujifunza kwa mashine hutegemea hesabu za nyuma: programu hupewa idadi ya wageni wa miezi iliyopita, hutafuta mwenendo wake, kisha hukadiria miezi ijayo. Hispania ina data tele kwa kazi hiyo. Taasisi yake ya takwimu, INE, hukusanya kila mwezi taarifa za hoteli: wageni wangapi, wametoka wapi, wamelala siku ngapi. Matokeo hutolewa hadi ngazi ya maeneo ya kitalii, kwa hiyo anayetaka kukisia vitanda vitakavyohitajika Mallorca mwezi Agosti ana pa kuanzia.

Zanzibar nayo huhesabu. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali hutangaza kila mwezi idadi ya wageni walioingia na nchi watokazo. Tatizo ni kwamba mgeni akishagongewa muhuri uwanjani, hesabu hiyo ya mlangoni haijui kama teksi imeelekea Nungwi au Paje. Wenye hoteli hubashiri kwa oda zilizopo, ratiba za ndege na uzoefu wa masika, msimu ambao baadhi yao hufunga kabisa.

Ubashiri unaoegemea uzoefu wa misimu iliyopita si wa kubezwa. Utafiti wa Athanasopoulos, Hyndman na wenzao, uliochapishwa mwaka 2011 na kupima mifululizo zaidi ya 1,300 ya data za utalii, ulionyesha kuwa mbinu zinazotazama historia ya idadi yenyewe zilizishinda zilizoongezewa bei na vipato. Hata leo modeli hupimwa dhidi ya kisio la kivivu kuliko yote: Julai hii itakuwa kama Julai iliyopita. Isiyolishinda hilo haina kazi, iwe imegharimu kiasi gani.

Mwaka 2020, wa janga la UVIKO-19, uliziangusha modeli zote. Hispania ilishuka kutoka wageni zaidi ya milioni 83 hadi chini ya milioni 20. Mwaka huo usipowekewa alama, mashine huusoma kama mwaka wa kawaida.

Kalenda nayo ina mitego. Pasaka huhama kati ya Machi na Aprili, hivyo modeli za Hispania huelezwa tarehe zake. Zanzibar inahitaji kufanya hivyo kwa Ramadhani, inayorudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Modeli iliyofunzwa kwa data za 2016 hadi 2025 imeiona kati ya Machi na Julai tu. Mwaka 2030 Ramadhani itaanza mara mbili, Januari na Desemba, katikati ya msimu wa wageni wengi.