Sinia ya Shule na Kadi ya Mama

Louisville, Kentucky



Katika nyumba nyingi za Wakongo mjini Louisville, barua za serikali husomwa na watoto. Mama anaepua ugali, anafuta mikono, anaketi. Binti wa darasa la tano anafungua bahasha na kumtafsiria kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Tangu sheria ibadilike mwaka 2025, zipo barua ambazo mtoto hapaswi kuwa wa kwanza kuzisoma: kadi ya chakula imesitishwa.

Kadi hiyo ni ya mpango wa serikali kuu uitwao SNAP. Kila mwezi huingizwa fedha za kununulia chakula tu. Kwa miaka mingi mkimbizi aliyetoka kambi ya Nyarugusu au Kakuma, akiwa na kipato kidogo, aliweza kuipata tangu alipowasili. Sheria aliyoitia saini Rais Donald Trump Julai 4, 2025 iliwaondoa wakimbizi na waliopewa hifadhi mpaka wapate ukaazi wa kudumu, na ukaazi huo mkimbizi haruhusiwi kuuomba kabla ya kutimiza mwaka mmoja nchini. Mwaka wa kwanza, baba bado anahangaikia kazi ya ghalani na mama hajajua basi lipi linakwenda wapi, ndio mwaka wasioruhusiwa kadi.

Kimbilio lililobaki ni shule. Chakula cha mchana shuleni kina sheria yake tangu mwaka 1946, enzi za Rais Harry Truman. Sheria ya mwaka 2010 ikaongeza jambo kubwa: shule za maeneo yenye umaskini ziliruhusiwa kuwalisha wanafunzi wote bure, bila mzazi kujaza fomu. Shule nyingi za umma za Louisville, za Columbus jimboni Ohio na za Buffalo jimboni New York zimo katika utaratibu huo. Asubuhi watoto wanashuka kwenye basi la njano na kupanga foleni: pakiti ya maziwa, tunda, nafaka. Msomali wa Columbus na Mrundi wa Buffalo wanabeba sinia sawa na za wenzao waliozaliwa hapo. Hakuna anayeonyeshewa kidole kwamba kwao hakuna kitu.

Lakini sinia hiyo imefungwa kwenye kadi ya mama. Serikali kuu huhesabu wanafunzi waliotambuliwa kupitia misaada kama SNAP, kisha huzidisha kwa 1.6. Wakifika asilimia 62.5 ya wanafunzi wa shule, milo yote hulipwa kwa kiwango kamili. Wakipungua, fidia nayo inapungua, na shule ndiyo inayotafuta fedha za kuziba pengo. Familia ikinyang'anywa kadi, jiko la nyumbani linaumia, na la shule linafuatia.

New York imeamua kuziba pengo hilo kwa fedha zake. Bajeti ya Gavana Kathy Hochul ya mwaka 2025 ilifanya kifungua kinywa na chakula cha mchana kuwa bure kwa wanafunzi wapatao milioni 2.7, Buffalo ikiwemo. Ohio na Kentucky hazijapitisha sheria ya namna hiyo. Hata jijini Nairobi, kupitia mpango wa Dishi na County ulioanza mwaka 2023, mtoto hulipa shilingi 5 tu kwa sahani, gharama iliyobaki inafidiwa.

Kwamba fedha za umma zinafanya kazi, Marekani yenyewe imeshuhudia. Mwaka 2021 serikali iliongeza ruzuku kwa wazazi, na umaskini wa watoto ukashuka hadi asilimia 5.2. Ruzuku ilipoondolewa, mwaka 2022 ukapanda hadi asilimia 12.4.

Kwa hiyo madai ni mawili: kadi irudishwe kwa mkimbizi tangu siku ya kwanza, na mabunge ya Kentucky na Ohio yatenge fedha za sinia ya kila mtoto. Mkimbizi hapigi kura, lakini anaruhusiwa kumwandikia mbunge wa eneo lake. Binti anayemsomea mama barua hizo anaweza kuketi naye mezani pale pale, mama akisema kwa Kiswahili, yeye akiandika kwa Kiingereza.