Miaka 969 ya Methusela: je, tungeitaka?

Tuko watu 9, na maandishi haya tumeyafanya pamoja: mmoja anasema, mwingine anabisha, na kijana wetu wa segondari ndiye anaandika maana mwandiko wake unasomeka. Kwa hiyo mkiona maneno yanagongana, mjue ni watu wengi wanaongea.

Mwezi huu tunataka kuzungumza juu ya umri. Redioni inasemwa mara kwa mara kwamba wataalamu wa nchi tajiri wanatafuta dawa ya kuzuia uzee, ili mtu aishi miaka 150, au 200. Yuko Mwingereza mmoja, Aubrey de Grey, ambaye tangu miaka ya 2000 anasema mtu atakayefikisha miaka 1,000 huenda ameshazaliwa. Basi swali letu kwenu ni hili: ukiletewa dawa hiyo leo, utaimeza?

Wengi mtasema mara moja, ndiyo, nani anapenda kufa? Subirini kwanza.

Wasomaji wa Biblia wanamjua Methusela, aliyeishi miaka 969. Nuhu naye anatajwa na miaka 950, na ndugu zetu Waislamu wanaijua hesabu hiyo katika Kurani. Lakini someni tena habari za Methusela. Alimzaa Lameki, akazaa wengine wa kiume na wa kike, akafa. Basi! Miaka 969 na hakuna kazi hata moja iliyoandikwa. Nuhu alijenga safina. Methusela, sijui alikuwa anangoja nini.

Tukija kwa watu wa nyakati zetu, aliyeandikwa kuishi kuliko wote ni mama mmoja wa mji wa Arles, Ufaransa, jina lake Jeanne Calment. Alizaliwa 1875, akafa 1997 akiwa na miaka 122. Mwaka 2018 walitokea watafiti wa Urusi wakabisha umri huo, lakini mpaka leo yeye ndiye anayehesabiwa wa kwanza. Mwaka 1965, akiwa na miaka 90, alipatana na mwanasheria mmoja: mwanasheria atamlipa mama pesa kila mwezi, faranga 2,500, na siku mama akifa nyumba itakuwa yake. Jamani, si biashara nzuri? Mzee wa miaka 90 atakaa mingapi tena? Mwanasheria alilipa miaka 30, akafa yeye mwaka 1995. Mama alikuwa bado yupo, na familia ya marehemu ikaendelea kulipa.

Hapo tulicheka sana nyumbani. Ila yuko mmoja wetu aliyeuliza: na watoto wake? Alikuwa na binti mmoja tu, akafa 1934. Mjukuu wake mmoja naye akafa kwa ajali ya gari 1963. Kwa hiyo ile miaka zaidi ya 30 ya mwisho mama huyo aliishi bila mtoto wala mjukuu. Kicheko kilipungua.

Kwetu sisi umri wenyewe ni fumbo. Mnajua mambo ya usajili: wazee wengi wa kambi wamezaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu karani anataka tarehe na mzee hana. Koko wetu (hapa Tanzania wangesema bibi, lakini kule kwetu bibi ni mke wa mtu, kwa hiyo tunakaa na koko) kadi yake inasema 1/1/1942. Mwenyewe anasema wakati wa vita vya Mulele, 1964, alikuwa ameshaolewa na ana mtoto mgongoni. Basi huenda kadi ni kweli, huenda imempunguzia. Alivuka ziwa mwishoni mwa 1996 kama wengi wenu, na mpaka leo yuko hapa.

Mambo ya umri tusingeyaandika kama si yeye. Mwaka huu alituita akasema hataki tena vidonge vya presha. Anaamka usiku, anatembea mpaka zahanati, anakaa kwenye foleni mpaka jua linakuwa kali, anarudi amechoka kuliko alivyoenda. Akasema: nimekula miaka ya kutosha, mniache.

Nyumba ikagawanyika. Baba alisema mzee akishasema ameshiba siku zake, mtoto hana mdomo wa kumjibu. Mama alilia. Kijana wetu wa segondari ndiye aliyesema jambo la ukweli mpaka sote tukanyamaza. Alisema: Koko akienda, nani atatuonyesha mashamba? Kule Fizi hatuna karatasi ya ardhi. Mpaka wa shamba letu ni mwembe, mto mdogo na kaburi la babu, na mwenye kujua mwembe upi na mto upi ni yeye peke yake. Sisi wengine tulitoka wadogo au tulizaliwa hapa.

Koko akasikia, akasema, "Kumbe mnanitaka kama karatasi."

Tulimjibu kwamba mzee kuwa daftari la ukoo ni heshima. Hakubishana. Akasema tu: basi leteni daftari lenyewe. Jioni tatu alikaa akisema na kijana akiandika: mashamba, mipaka, majirani wa kulia na kushoto, nani alikopa mbuzi kwa nani, nani alioa wapi na mahari iliyobaki kulipwa ni ngapi. (Mahari zilizobaki ni nyingi kuliko tulivyodhani. Wahusika wengine wako hapa kambini. Hatutaji zoni.) Daftari lilipokwisha tukamuuliza: sasa hatukutaki tena kwa mashamba, wewe unataka nini? Akasema foleni ndiyo inamuua, presha hata haisikii. Siku hizi anapakiwa kwenye baiskeli siku ya kupimwa, na mjukuu mmoja anatangulia alfajiri kumshikia nafasi. Vidonge anameza. Na hapa tusieleweke vibaya: dawa za presha ni za kila siku hata kama mtu hajisikii mgonjwa, asiziache bila kuongea na mganga.

Kutokana na hayo ndipo tulipoona kwamba hii habari ya miaka 1,000 inaruka jambo. Wenzetu wanauliza miaka mingapi. Sisi tungeuliza kwanza, miaka ya kukaa wapi, na kufanya nini? Kambi hii ilifunguliwa 1996. Karibu miaka 30 tumeingoja amani, tumengoja kesi, tumengoja siku ya mgao. Siku moja ya kungoja ni ndefu kama mwezi, lakini ukigeuka nyuma unaona miaka imeenda haraka kama moshi, kwa sababu hakuna cha kushikia kumbukumbu. Waliozaliwa hapa mwaka wa kwanza sasa wana watoto wanaosoma. Mtu akitupa miaka 300 ya namna hiyo, tutamwambia asante, mpe jirani.

Kuna jambo lingine ambalo redio hailisemi vizuri. Wanasema umri wa watu umeongezeka mara mbili, na ni kweli: mwaka 1900 wastani wa dunia ulikuwa kama miaka 32, leo umepita 70. Mtu akisikia hivyo anafikiri zamani watu walizeeka wakiwa na miaka 32. Hapana. Wazee wa miaka 70 na 80 walikuwepo zamani zote, hata kwa babu zetu. Tofauti kubwa ni watoto. Watoto wengi walikufa kabla ya miaka 5, na wastani ukashuka. Walioupandisha ni chanjo ya surua, maji safi, sabuni, wakunga waliosoma. Hakuna aliyeugusa uzee wenyewe. Na kazi hiyo bado haijaisha: mwaka 2023 malaria iliua karibu watu 600,000 duniani, wengi wao watoto wa Afrika chini ya miaka 5. Sisi wa nyumba hii tumezika mmoja hapa. Hakufikisha miaka 2. Mtu akitaka kuongeza maisha ya binadamu, tunaona hapo ndipo pa kuanzia, chandarua kwanza, halafu hao wa miaka 1,000 watafuata.

Halafu, dawa ikipatikana, itatufikia lini? Wazee wa kambi mnakumbuka. Dawa za kumpa mtu wa ukimwi maisha marefu zilipatikana nchi tajiri mwaka 1996, mwaka uleule tuliovuka ziwa. Kwa mwaka mmoja zilikuwa zinagharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mtu. Mwaka 2001 kampuni moja ya India ikatangaza kuziuza kwa dola 350, na bado ilichukua miaka kabla hazijaenea Afrika. Hapo katikati tulizika watu ambao dawa yao ilikuwepo duniani. Basi hebu fikirini dawa ya uzee. Tajiri atakuwa na miaka 400, mpangaji wake atakufa na 60, mtoto wa mpangaji na 60, na mwenye nyumba ni yuleyule. Na watawala? Mobutu alikaa miaka 32, toka 1965 mpaka 1997, akatolewa na vita huku ugonjwa umeshamkamata, akafa mwaka uleule huko Morocco. Asingeugua wala kuzeeka, nani anajua.

Watafiti wenyewe wamejifunza mengi kwa wanyama. Yuko fuko asiye na manyoya, anaishi chini ya ardhi Kenya, Somalia na Ethiopia. Ni mdogo kama panya lakini anapita miaka 30, wakati panya wa nyumbani akifika 3 ni mzee. Tena mwaka 1935 huko Marekani, Clive McCay na wenzake walionyesha kwamba panya waliopunguziwa chakula waliishi zaidi ya walioshiba. Tuliposoma hilo Baba akasema: kumbe sisi wa mgao wa nusu tutaishi milele! Lakini panya wale walipunguziwa wingi tu; vitamini na madini walipewa kamili. Unga, mbaazi na mafuta kidogo si majaribio ya McCay. Mkipata sombe bustanini, wapeni watoto.

Basi tulipiga kura nyumbani, bila kulazimishana. Wanne waliitaka dawa, watatu waliikataa, mtoto mchanga alikuwa amelala, na Koko alisema hapigi kura kwa kitu asichokiona. Mama, tuliyedhani atakubali wa kwanza, aliikataa: alisema angeimeza kama watoto wote wangeimeza pamoja naye, wote, hata yule tuliyemzika. Baba aliikubali kwa sharti kwamba magoti yawe ya kijana. Tunaona sharti lake lina akili, maana Wagiriki wa kale wana hadithi ya Tithonus, aliyepewa kuishi milele bila kupewa ujana, akazeeka, akazeeka, mpaka ikabaki sauti tu.

Aliyeshangilia kuliko wote ni mdogo wetu wa miaka 8. Yeye anataka 1,000 kamili. Tulimuuliza atafanya nini nayo. Akasema kwanza ataenda kuona Fizi kwa boti, aushike ule mwembe wa kwenye daftari. Halafu ataona bahari. Halafu atakuwa dereva wa treni ya Kigoma, halafu daktari, na atamjengea Koko nyumba ya bati karibu na zahanati asipange foleni. Tukamhesabia kwa vidole, tukamwonyesha kwamba hayo yote yanaenea ndani ya miaka 40 na mingine inabaki.

Alikataa kupunguza hata mmoja.