Themanini na saba

Februari 2009 nilikuwa stendi ya Igoma nasubiri daladala ya kwenda kazini, mwenzangu akanipigia. "Dada, jeli inafanya kazi! Inapunguza maambukizi kwa asilimia thelathini!"

Jeli hiyohiyo, PRO 2000, ndiyo tuliyokuwa tunaijaribu hapa Mwanza kwa kina dada wa baa, wa gesti na mama ntilie, tukitumaini itawakinga na VVU. Kazi yangu ilikuwa kuwatembelea, kuwasikiliza na kuwaeleza. Habari ilitoka kwenye utafiti mwingine, HPTN 035, wa wanawake zaidi ya 3,000 wa Malawi, Zambia, Zimbabwe, Afrika Kusini na Marekani. Nililia palepale stendi.

Jioni nikakaa na takwimu zenyewe. Wale 3,000 waligawanywa makundi manne, na kinachoamua si idadi ya walioandikishwa, ni ya walioambukizwa. Waliopewa PRO 2000 waliambukizwa 36. Waliopewa jeli tupu, isiyo na dawa, 51. Jumla 87 tu. Nikachukua sarafu ya shilingi mia, mwanangu akashika kalamu: upande wa Mwalimu ni dawa, upande wa pili jeli tupu. Tukairusha mara 87, tukahesabu, tukaanza upya. Mzunguko wa saba ukatoa 35 kwa 52. Na sarafu haina dawa yoyote ndani yake.

Pengo kama hilo, au kubwa zaidi, bahati peke yake hulileta takriban mara moja katika kila kumi. Ndiyo ile p ya 0.10 iliyokuwa kwenye ripoti. Haikusema jeli imeshindwa. Ilisema watu 87 ni wachache mno kutuamulia.

Kesho yake mama ntilie mmoja aliniuliza, "Kwa hiyo mwanangu, kondomu niache?" Mimi wala yeye hatukujua jeli yake ilikuwa ya dawa au tupu. Nikamwambia asiache, nikatoa sarafu, nikairusha mbele yake mpaka akaelewa.

Desemba majibu yetu yakatoka: wanawake 9,385 wa Tanzania, Uganda, Zambia na Afrika Kusini. Kwa mwaka, katika kila wanawake 100, waliambukizwa 4.5 kwenye jeli ya dawa na 4.3 kwenye jeli tupu. Hapakuwa na kinga.

Nikarudi kwa yule mama. Alinisikiliza hadi mwisho huku akikoroga maharage, kisha akauliza kondomu za bure zitaletwa lini.