Kofia, Rula na Vipande Vitatu

Najua mtashangaa kuikuta hisabati katika kurasa hizi mlizozoea kusoma mashairi na insha za methali. Jirani yangu wa dawati aliponiona nikiandika alinicheka: "Hesabu kwa Kiswahili? Wapelekee wenyewe!" Nikamjibu kwamba kisa chenyewe kilizungumzwa kwa Kiswahili bwenini, pesa zikaliwa kwa Kiswahili, basi na maelezo yake yatoke kwa lugha hiyo hiyo.

Ilikuwa muhula wa pili mwaka 2025, nami nikiwa kidato cha tatu. Mkubwa wetu mmoja wa kidato cha nne, ambaye nitamwita Mwenye Kofia, alizua mchezo wa usiku baada ya prepu. Ndani ya kofia yake ya sufu mlikuwa na vijikaratasi 99 vilivyoandikwa namba, 1 hadi 99. Kando yake paliwekwa rula ya mita. Unafumba macho, unachomoa vijikaratasi viwili. Tuseme umepata 32 na 75. Basi rula inahesabiwa kuwa ni fimbo iliyovunjwa kwenye sentimita ya 32 na ya 75, nawe una vipande vitatu: 32, 43 na 25. Swali ni moja: je, vipande hivyo vikiunganishwa ncha kwa ncha vitafanya pembetatu? Vikifanya, Mwenye Kofia anakupa shilingi 20. Visipofanya, unampa 10. (Mwalimu mlezi, tafadhali usinikunjie uso. Mchezo ulikwisha zamani, na mimi sikutia hata senti.)

Pembetatu hupatikana tu ikiwa hakuna kipande kilichofika nusu ya rula. Kipande kimoja kikiwa 60, vile viwili vilivyobaki ni 40 kwa jumla, na hivyo ni kama mtoto anayejaribu kuukumbatia mbuyu: mikono haikutani.

Vijana walisema, "Ama itakuwa ama haitakuwa, basi ni nusu kwa nusu, na malipo ni maradufu!" Wakapanga foleni. Baada ya wiki mbili Mwenye Kofia akageuza mtindo kidogo. Sasa unachomoa kijikaratasi kimoja, rula inakatwa hapo. Kisha sarafu inarushwa kuamua ni kipande kipi kati ya viwili kitakachokatwa tena, nawe unachomoa namba hadi upate iliyo ndani ya kipande hicho. Mmoja aliuliza kama mambo hayajabadilika. Mwenye Kofia akasema, "Ni ule ule tu. Vipande si vitatu?" Hakuna aliyebisha.

Kijana mmoja wa kidato cha pili, anayetoka upande wa kwetu na ambaye huniita kaka, alinijia penye mfereji tukifua nguo. Shilingi 600 za nauli ya kurudi nyumbani zilikuwa zimekwenda, kumi kumi, kwa muda wa wiki tano. Zilikuwa zimebaki siku tisa shule ifungwe. "Kaka, mimi nina mkosi," akaniambia. Mama yake huuza mboga. Mimi namjua mama huyo, na ile 600 najua ni mafungu mangapi ya sukuma wiki. Lakini habari ya mkosi haikuniingia akilini.

Fumbo la fimbo iliyovunjwa si geni. Lilitolewa katika mtihani wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka 1854, na jibu lake lapatikana kwa mchoro mmoja ambao hata wewe waweza kuufanya sasa hivi nyuma ya daftari.

Chora pembetatu ya pande sawa yenye kimo cha sentimita 10. Tia nukta popote ndani yake. Kutoka kwenye nukta hiyo, chora mstari ulionyooka kwenda kwa kila upande, ukutane nao kwa pembe mraba. Pima mistari hiyo mitatu, ujumlishe. Utapata 10. Hamisha nukta, pima tena. Ni 10 tena! Jambo hili hutajwa kwa jina la Vincenzo Viviani, Mwitalia wa karne ya 17 aliyekuwa mwanafunzi wa Galileo. Sababu yake si ngumu. Unganisha nukta na zile pembe tatu, nawe utaona pembetatu kubwa imegawanyika kuwa tatu ndogo zenye vitako vilivyo sawa. Maeneo yake yakijumlishwa ndiyo eneo la ile kubwa, kwa hivyo vimo vyake vikijumlishwa ndivyo kimo cha ile kubwa.

Basi kila nukta ndani ya mchoro ni namna moja ya kuvunja fimbo vipande vitatu. Sasa unganisha katikati za pande zote tatu. Zinatokea pembetatu nne zilizo sawa kabisa. Nukta ikiwa katika ile ya katikati, hakuna mstari unaofika nusu ya kimo, na vipande vinaungana. Ikiwa katika mojawapo ya zile tatu za pembeni, mstari mmoja umezidi nusu, na umeliwa. Uwezekano ni moja kwa nne. Katika michezo 100, Mwenye Kofia hulipa mara 25, yaani shilingi 500, na hupokea mara 75, yaani 750. Hapo hakuna mkosi wala nyota.

Ule mtindo wa pili ndio uliokuwa na miiba. Rula ikishakatwa mara moja, kipande kimoja ni kirefu na kimoja ni kifupi. Sarafu ikichagua kile kifupi, wewe umeshashindwa kabla hujatia mkono kofiani, kwa sababu kile kirefu kimebaki kizima na kimepita nusu. Nusu ya michezo inakufa pale pale. Katika nusu nyingine, ambapo kirefu ndicho kinachokatwa, mwalimu wetu wa hisabati alinisaidia kwa logarithi asilia ya 2, ambayo ni 0.693: izidishe kwa mbili, utoe moja, upate 0.386. Hiyo ni kama mara 39 kwa 100. Ukichanganya nusu hizo mbili unapata mara 19 tu. Vipande ni vitatu kama mwanzo, rula ni ile ile, kofia ni ile ile, na faida ya mwenyewe imepanda kutoka shilingi 250 hadi 430 kwa kila michezo 100.

Jumapili alasiri mimi na yule kijana tulikaa chini ya mti na kofia ya kuazima, tukachomoa mara 100 kwa kila mtindo bila pesa. Mtindo wa kwanza ulitupa pembetatu 27, wa pili 18. Kijana alilitazama daftari kwa muda mrefu bila kusema neno.

Usiku huo nilimwendea Mwenye Kofia mbele ya watu. Nikamwambia kwa adabu, maana ni mkubwa wangu, "Kaka, tuache kurusha sarafu, inapoteza wakati. Kila mara tukate kile kirefu. Si ni ule ule tu?" Akacheka, akakubali. Angekataaje maneno yake mwenyewe? Sasa hesabu ilikuwa 39 kwa 100: alipe 780, apokee 610. Usiku wa kwanza alitoka sare. Wa pili alipoteza shilingi 90. Wa tatu alipoteza 140, akaifunga kofia, akaniita nje kwenye kamba za nguo.

Nilitarajia makofi, kusema kweli. Kumbe alitaka kuelezwa. Nikamchorea mchangoni zile pembetatu nne kwa kijiti, kisha ile habari ya kipande kifupi. Alikuwa anaamini kabisa kwamba ana nyota ya bahati, na ile sarafu aliiongeza kwa sababu mchezo ulinoga zaidi. Siku mbili kabla ya kufunga alimrudishia kijana shilingi 450. Zile nyingine zilikuwa zimekwisha kuwa mandazi.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma mafumbo ya aina hii, na nimeona kwamba hata wakubwa wa elimu hii walianzia kwenye michezo ya pesa. Mfaransa Buffon, mwaka 1733, alichunguza mchezo wa kurusha sarafu kwenye sakafu ya vigae: mmoja anasema itaangukia ndani ya kigae kimoja, mwingine anasema itagusa mstari. Kigae kikiwa na upande wa sentimita 10 na sarafu ikiwa na upana wa 3, kitovu cha sarafu lazima kiangukie ndani ya mraba wa 7 kwa 7. Hiyo ni 49 kwa 100, karibu haki kamili. Sakafu ya ukumbi wetu wa maakuli ina vigae. Nimesema tu.

Linalonikereketa mimi kama mwanachama wa Chama cha Kiswahili ni lile neno letu "ovyo". Twasema kata ovyo, chora ovyo, tukidhani tumesema jambo kamili. Mwaka 1889 Mfaransa mwingine, Joseph Bertrand, aliuliza: chora duara, na ndani yake pembetatu ya pande sawa inayogusa ukingo kwa pembe zake. Kisha kata duara ovyo kwa mstari kutoka ukingo hadi ukingo. Kuna uwezekano gani mstari huo uwe mrefu kuliko upande wa pembetatu? Ukichagua ncha mbili za mstari kwenye ukingo, jibu ni theluthi. Ukichagua umbali wa mstari kutoka kitovuni, ni nusu. Ukichagua nukta ya katikati ya mstari popote ndani ya duara, ni robo. Majibu matatu, na yote ni sahihi!

Mwamerika Edwin Jaynes aliandika mwaka 1973 kwamba mtu akirusha vijiti kutoka mbali viangukie juu ya duara, jibu litakuwa nusu. Hilo tulitaka kuliona kwa macho. Tulichora duara kwenye uwanja wa voliboli, tukachuma mabua marefu kuliko upana wake, na yule kijana akawa mwandishi. Kati ya mabua 60 yaliyolikata duara sawasawa, 32 yalizidi. Kisha kengele ya chakula ikalia.