Alisema Anaumwa, Kumbe Laptopu Ndiyo Ilikuwa Inaumwa

Kuna wapenzi wanaogombana kwa ajili ya eksi. Kuna wanaogombana kwa ajili ya hela. Hawa wawili wa Dar nusura uchumba uvunjike kwa ajili ya grafu. Ndiyo, grafu, ile ya mstari wa kulala na mstari wa kusimama.

Iko hivi. Dada ni mwanafunzi wa masta ya fizikia, anasoma nyota zinazobadilika mwanga. Hosteli nzima wanamuita Profesa. Simu ya mtu ikigoma, anapelekewa yeye. Laptopu ikiwa nzito, anapelekewa yeye. Status zake ni yeye na skrini nyeusi yenye maandishi ya kijani, chini kaandika "mtoto wa kike anaweza", watu wanagonga moyo wanapita. Kaka ana duka la spea za magari Ilala, mpole, hana makuu, na kwao walishaelewana kuhusu binti. Jumamosi ile mama yake kaka alikuwa anapika, shangazi amekuja kutoka Tanga, yaani watu wamuone tu mwali kabla barua ya posa haijapelekwa.

Kasheshe ilianza Alhamisi. Msimamizi wake alimkabidhi flashi yenye programu ya zamani ya Fortran, akasema anataka grafu za nyota 12 kabla hajasafiri Jumatatu asubuhi. Sasa programu hiyo haichori yenyewe. Inapiga hesabu, halafu inaomba kuchorewa na maktaba inayoitwa PGPLOT.

Maktaba hapa si jengo la vitabu. Ni faili lenye kazi ambazo mtu mwingine alishaziandika: chora mhimili, weka nukta, andika kichwa cha grafu. PGPLOT aliitengeneza Tim Pearson wa Caltech, Marekani, na kazi ilianza 1983. Toleo la 5.2.2 lilitoka 2001. Wanaastronomia waliipenda sana, ndiyo maana mpaka leo unaikuta tumboni mwa programu za wakubwa. Ni kama gari la zamani la babu: injini nzima, shida ni kupata spea zinazoingia.

Kwenye flashi kulikuwa na faili la maktaba tayari, libpgplot.a. Dada akasema hii kazi ya nusu saa, akaandika amri ya kuunganisha, akapiga enta. Skrini ikamrushia mistari. Yeye akasoma wa mwisho wenye maana: "cannot find -lpgplot". Yaani haijaiona.

Haijaionaje wakati faili hili hapa? Akalinakili kwenye folda nyingine. Haijaiona. Akalipeleka kwenye folda za mfumo wenyewe. Haijaiona. Ijumaa saa 9 usiku faili lilikuwa sehemu tano tofauti na kompyuta bado inasema haijaiona. Akahamia kwenye ushauri wa watu asiowajua mtandaoni, akawa anabandika amri bila kujua zinafanya nini, akashusha na PGPLOT yenyewe toka mwanzo ili aijenge upya. Ikagoma pia. Bando likaisha, akanunua lingine.

Hapa ndipo wengi watamwelewa. Mtu ukishaitwa Profesa, kuuliza kunakuwa kama kujivua nguo. Angeweza kumtumia msimamizi ujumbe mmoja. Hakutuma, ataonekana hajui. Kwenye korido ileile kuna dogo wa mwaka wa pili anayesoma kompyuta. Hakumgongea, atamuulizaje dogo ambaye juzi tu yeye ndiye alimwekea Ubuntu? Sifa ni tamu, ila zina bei yake: siku ukikwama, unakwama peke yako.

Jumamosi saa 4 asubuhi kaka akapiga. "Mama, uko tayari nikufuate?"

Dada akakohoa. "Baba, naumwa. Homa imenishika tangu usiku. Niombee radhi kwa mama."

Uongo mdogo, wa kununua saa chache tu. Kule upande wa pili mama mkwe mtarajiwa kafunika sufuria la pilau, kamwambia shangazi waanze kumuombea mtoto wa watu.

Ilipofika saa 10 jioni alikuwa hajala, macho mekundu, akamgongea dogo. Dogo hakugusa hata kibodi. Akauliza tu, "Dada, eraa ya kwanza kabisa ilisema nini?"

Profesa hakuwa anajua. Siku tatu alikuwa anasoma za mwishoni.

Wakapandisha skrini juu. Mstari wa kwanza ulikuwepo muda wote, mchana kweupe: "skipping incompatible". Linka, yaani kile kifaa kinachounganisha vipande vya programu, ilikuwa imeliona faili. Ikalipita makusudi kwa sababu lilijengwa enzi za mashine za biti 32, na laptopu ya dada ni ya biti 64. Halafu, kwa kuwa haikupata lingine linalofaa, mwishoni ikasema haijaiona maktaba. Hata ulinakili mara mia, faili halitabadilika.

Dawa ikawa kuijenga PGPLOT upya kwenye mashine hiyohiyo, ile kazi iliyokuwa imemgomea Ijumaa. Safari hii kila kikigoma, wanasoma cha kwanza.

Cha kwanza: haipati g77. Hiyo ni kompaila ya zamani ya Fortran, na tangu GCC 4.0 ya 2005 nafasi yake ilichukuliwa na gfortran. Wakafungua makefile, palipoandikwa FCOMPL=g77 wakaweka gfortran. Ikaendelea.

Cha pili: "No rule to make target png.h". Makefile ya PGPLOT inatarajia mafaili ya PNG yawe kwenye folda hiyohiyo, wakati siku hizi yanakaa kwenye mfumo. Wakaweka vifurushi vya libpng-dev na libx11-dev, wakafuta ule mstari unaoyadai. Ikaendelea. Maktaba mpya ikazaliwa.

Wakarudi kwenye programu ya msimamizi. Zikamwagika "undefined reference" kama mvua ya masika, na ya kwanza ilikuwa "pgopen_". Dada alitaka kulia. Dogo akamwambia angalia mpangilio wa amri yako, maktaba umeitanguliza mbele ya programu.

Linka ni kama mtoto anayetumwa sokoni ambaye anapita njia moja na harudi nyuma. Ukimpitisha kwa muuza nyanya kabla hujamwambia unataka nyanya, atampita mikono mitupu. Akifika mwisho ndipo anakumbuka anadaiwa nyanya, anaanza kulalamika. Kwa maktaba za aina hii zinazoishia na .a, programu inayoomba inatangulia, maktaba inafuata. Wakahamisha -lpgplot ikakaa nyuma. Zile za pgopen_ zikakatika.

Zikabaki zinazotaja XOpenDisplay. Hizo si za PGPLOT tena, ni za X11, inayofungua dirisha kwenye skrini. Wakaongeza -lX11 mwishoni.  X11 ya kutumia na X11 ya kujengea ni vifurushi viwili, na wa kujengea, libx11-dev, walishauweka pamoja na libpng-dev.  Na -lpng nayo ikaingia nyuma ya -lpgplot.

Ikaunganika. Hakuna kelele. Programu ikawaka, ikatoa onyo moja kwamba haioni faili la maandishi, grfont.dat. Bila hilo mistari inachorwa, herufi hazitokei. Wakaielekeza PGPLOT_DIR kwenye folda faili lilipo, wakawasha tena.

Saa 2 usiku dirisha likafunguka, nyota ya kwanza ikapanda na kushuka kwenye skrini, na majina ya mihimili juu yake. Dada akapiga ukelele, akampiga dogo begani, wakacheka kama wamefunga goli la dakika ya tisini.

Mlangoni alikuwa amesimama kaka. Mkono mmoja hotpoti ya supu ya ndizi, mkono mwingine mfuko wa duka la dawa.

Hakugomba. Wanaomfahamu wanasema hiyo ndiyo mbaya zaidi. Alisalimia, akaweka hotpoti juu ya meza, akasema "pole na homa", akaondoka. Dogo naye akakumbuka ghafla ana kazi chumbani.

Jumapili simu haikupokelewa mpaka jioni. Dada akaanza kujieleza: yule ni dogo tu wa korido, mlango ulikuwa wazi, watu wanapita, hakuna kitu. Kaka akamkata. "Dogo sina shida naye. Hiyo ni ya mwisho. Ya kwanza ni pale saa nne asubuhi. Ungeniambia mama, nina kazi imenishinda, ningemwambia bi mkubwa asubiri wiki moja. Mimi mwenyewe gari la mtu likinishinda gereji huwa nakwambia. Umeniambia unaumwa. Mama yangu kaswali kwa ajili yako."

Dada hakuwa na la kujibu.

Jumatatu grafu 12 zilifika kwa msimamizi, safi kabisa. Akajibu WhatsApp kwa mstari mmoja: "Vizuri. Ila kwani hukuiweka tu ya Ubuntu? Ipo multiverse, inaitwa pgplot5." Yaani ilikuwepo tayari imejengwa, ya kushusha kwa amri moja. Ilikaa huko kwenye multiverse kwa kuwa leseni yake ina masharti, inaruhusu bure matumizi yasiyo ya kibiashara tu. Mtu aliyekuwa na jibu alikuwa kwenye namba zake tangu Alhamisi.

Wiki iliyofuata alikwenda mwenyewe kwa mama, bila kupelekwa. Akapiga magoti, shikamoo, akasema ukweli wote, mpaka habari za mtoto anayetumwa sokoni. Mama akaitikia marahaba, akacheka, akamuuliza kama ameshakula. Shangazi alikuwa ameshapanda basi la Tanga bila kumuona.

Kwenye status sasa kuna kitu kimebadilika. Juzi aliweka picha ya skrini iliyojaa makosa, chini akaandika, "Imenigomea, nani anajua?" Yamekuja majibu 9, mawili ya watu waliokuwa wanamuogopa. Dogo amepata jina jipya korido nzima, anaitwa Mstari wa Kwanza.

Kaka anasema amesamehe. Wanatoka, wanapiga picha, hotpoti imerudi kwa mwenyewe. Lakini barua ya posa bado iko kabatini, na akiulizwa anajibu kwa upole kwamba hana haraka, anataka kwanza azoee kuambiwa "nimekwama".

Marafiki wa dada wanasema kaka anakuza mambo, mtu kudanganya homa siku moja si usaliti. Marafiki wa kaka wanasema anayeficha kosa dogo la laptopu, kubwa la nyumbani atalifichaje? Wewe uko upande gani? Barua ipelekwe au iendelee kukaa kabatini? Shusha maoni yako hapo chini, na kama wewe ndiye Profesa wa hosteli yenu, leo mgongee mtu mlango.