Tulipolipunguzia Duka Mapambo

Mtaani kwetu Kariakoo, mapambo ya duka huanzia barabarani. Magauni huning'inizwa juu ya mlango, maboksi ya viatu hupangwa hadi ukingoni mwa lami, na kijana mwenye sauti husimama mbele akiwaita wapitao. Aliyeuzoea Mtaa wa Congo siku ya Jumamosi hulitilia shaka duka lililo kimya. Huenda ndiyo sababu sisi, wajumbe wa kamati ya msikiti, tulipoombwa ushauri juu ya duka la mtandaoni, tulishauri vibaya. Tunayaandika haya kwa kuwa gharama ya ushauri ule aliilipa mtu mwingine.

Msikiti wetu una fremu chache za wakfu katika ghorofa ya chini. Kodi yake ndiyo hulipia umeme, maji ya udhu na posho za walimu wa madrasa. Fremu moja ameipanga mama mmoja mjane, muuzaji wa kanzu, kofia, mabaibui na misala, ambaye ameiendesha biashara hiyo peke yake tangu mumewe alipofariki. Wateja wake wakubwa hawapiti mlangoni. Ni walimu wa madrasa na wenye maduka madogo wa Tunduru, Kondoa, Lindi na Kigoma, ambao huagiza kwa simu na kupokea mzigo kwa basi.

Moto ulipozuka katika jengo la Soko Kuu la Kariakoo usiku wa Julai 10, 2021, jengo lile alilolibuni msanifu Beda Amuli na ambalo lilifunguliwa mwaka 1975, tuliona jinsi mfanyabiashara anavyoweza kupotezana na wateja wake kwa usiku mmoja. Watu walihamia masoko mengine, na wageni kutoka mikoani wakawa wanazunguka na mabegi yao wakiuliza fulani yuko wapi siku hizi. Hapo ndipo lilipotujia wazo la tovuti, yaani anuani isiyoungua. Wazo lilikuwa jema. Tulichokosea ni umbo lake.

Mwaka 2023 mama alituletea mifano miwili aliyopewa na mtengenezaji. Mmoja ulikuwa mtupu kiasi, picha chache na maandishi. Wa pili ulikuwa na nakshi. Yeye aliuelekea wa kwanza, sisi tukamvuta kwenye wa pili. "Biashara ya Kariakoo lazima ing'ae, mama," tulimwambia, naye akatuamini kwa kuwa sisi ndio wasomi wa karibu yake. Alilipa shilingi laki nane. Kazi ilipokamilika ilikuwa kama ukumbi wa harusi: picha kubwa tano zikipishana, video ya kanzu ikipepea, maandishi ya dhahabu yakiingia kutoka pembeni, na kisanduku kikirukia mbele kumwomba mteja barua pepe yake. Tuliitazama kwenye kompyuta ya ofisi yenye intaneti ya kasi, tukasema mashaallah.

Ilipofika Shaaban ya mwaka 1445, wakati wauza nguo wa Kariakoo wanapojiandaa kuvuna, kodi ya mama ya miezi sita ilikuwa haijalipwa. Kamati ilikutana baada ya Isha. Wapo waliosema fremu apewe mwingine, na hoja yao haikuwa dhuluma, kwani walimu wa madrasa walikuwa wakidai posho ya miezi miwili, nao wana watoto. Mama aliitwa. Hakulia wala hakuomba huruma. Alitoa simu yake akatusomea ujumbe wa mwalimu mmoja wa Tunduru aliyetaka kanzu arobaini za wanafunzi. Alijaribu kulifungua duka mara tatu, bando lake likaisha kabla hajaiona bei, akaagiza kwingine. Aliomba radhi, mwalimu yule, kana kwamba kosa ni lake.

"Katibu, na ninyi wanangu," mama akasema, "mlinichagulia duka ambalo wateja wangu hawawezi kuingia."

Tulinyamaza. Mjumbe mmoja, mzee wetu, alitoa simu yake ya siku nyingi yenye kioo kilichopasuka, tukalifungua duka huku tukitazama saa ya ukutani. Ilipita zaidi ya dakika nzima kabla picha ya kwanza haijatokea. Bei tuliikuta kurasa tatu mbele. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewahi kuitazama kwa simu kama hiyo, ilhali simu kama hiyo ndiyo waliyo nayo wateja wake.

Tulimpa muhula hadi baada ya Idd, na tukaichukua kazi ya marekebisho iwe deni letu. Kijana mmoja aliyesoma madrasa kwetu na baadaye akasomea kompyuta alitueleza kwa lugha nyepesi. Picha iliyopigwa kwa simu ya kisasa huweza kuwa na megabaiti tatu au nne, na upana wa nukta elfu nne, ilhali kioo cha mteja kinahitaji sehemu ndogo tu ya hizo. Ikipunguzwa kabla ya kupandishwa, hushuka hadi kilobaiti mia moja au chini ya hapo, na kwenye kioo kidogo jicho halioni tofauti. Video, herufi za kuazima, vijiprogramu vya kufuatilia nyendo za mteja, vyote huteremshwa kwa bando la yule anayefungua. Kwa maneno mengine, mapambo tuliyaweka sisi, lakini mlipaji alikuwa mwalimu wa Tunduru. Akaongeza kuwa tangu Julai 2018 Google huitazama pia kasi ya ukurasa kwenye simu inapopanga matokeo ya utafutaji. Na ukurasa wa Google wenyewe, ambao hutazamwa na watu wengi mno duniani, una nini? Jina, kisanduku kimoja cha kuandikia, na nafasi nyeupe.

Tulipokuwa tukimsikiliza, tulikumbuka tukio tulilolisoma chuoni katika Sahihi mbili, lililosimuliwa na Bibi Aisha (r.a.). Mtume (s.a.w.) aliswali akiwa amevaa joho lenye nakshi, na nakshi zile zikamshughulisha. Alipomaliza aliagiza joho lirudishwe kwa Abu Jahm, na badala yake aletewe la kawaida lisilo na nakshi. Joho lile halikuwa haramu. Lilimshughulisha tu mtu aliyekuwa na jambo kubwa zaidi mbele yake. Hatusemi kwamba kununua kanzu ni sawa na swala. Tumeazima kipimo tu. Pambo liulizwe: unamsaidia mtu kufika alikokuwa akienda, au unamsimamisha njiani?

Tukamrudia mama na swali ambalo tulipaswa kumuuliza tangu mwanzo: wateja wako wakipiga simu, huuliza nini? Alijibu bila kufikiri. Mzigo upo? Bei gani, ya jumla na ya rejareja? Duka liko wapi? Nalipaje? Utafika lini? Maswali matano, naye huyajibu kila siku ya Mungu. Basi tovuti mpya ikajengwa juu ya maswali hayo matano. Ukurasa mmoja, maandishi meusi juu ya weupe ili hata mwenye macho hafifu asome juani, picha ndogo zilizo safi, bei chini ya kila picha, na namba ya simu juu kabisa. Maandishi hutangulia kufunguka, picha hufuata. Hata mtandao ukikatika katikati, mteja ameshaiona bei.

Hapa pia tulikosea mara ya pili. Utamu wa kupunguza ulitulevya, tukaondoa na jedwali la vipimo kwa kuona linajaza nafasi. Kanzu huuzwa kwa urefu wa inchi, 54, 56, 58, 60, na mtu akiagiza kwa kukisia, hukosea. Wiki ya kwanza mizigo miwili ilirudi, na nauli ya basi ikawa juu ya mama. Jedwali likarudishwa siku ileile. Tangu hapo tumefahamu kwamba wepesi si utupu. Kinachopunguzwa ni kile kinachomfurahisha mwenye duka. Anachokihitaji mnunuzi hubaki, hata kikiwa kirefu na hakipendezi. Na bei ni ya kwanza katika hivyo. Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika lundo la chakula sokoni na kukuta unyevu chini yake, alikemea kufichwa kwa kasoro. Ukurasa wenye vitu vichache hauna pembe za kufichia.

Hatutaki kudai kwamba muujiza ulitokea. Ramadhani ile mama aliuza vya kutosha kulipa kodi ya miezi minne. Miwili iliyosalia aliimaliza mwezi wa Dhul-Qaada. Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika na intaneti ikazorota nchini, tuliufungua ukurasa wake kwa simu ya mzee yuleyule. Ulisuasua, lakini ukafunguka. Mwalimu wa Tunduru hakurudi na kanzu arobaini, kwani wanafunzi walikwisha kuvaa. Alirudi na kofia kumi na mbili.

Ndugu msomaji, nyumba nyingi siku hizi zina kijana anayejua kutengeneza tovuti na mama au mjomba mwenye duka. Kabla hamjachagua rangi, kaeni pamoja muandike maswali ambayo mteja huuliza. Kisha ifungueni kazi yenu kwa simu dhaifu kuliko zote zilizomo nyumbani, kwa bando la kawaida, na mtazame saa.

Sisi nasi tulianza na ubao wa matangazo wa msikiti. Tulikuta karatasi kumi na saba zikilaliana, nyingine za Idd iliyopita, na ratiba ya swala ikiwa chini yake. Tukabakisha ratiba, saa za madrasa na namba ya kupigwa panapotokea msiba. Ijumaa iliyofuata mzee wetu alisimama mbele ya ubao kwa muda, kisha akauliza, "Katibu, tangazo la mchango wa paa mmelipeleka wapi?" Tulikuwa tumelitupa pamoja na ya zamani. Tumelirudisha.

Wabillahi tawfiq.