Tairi la Kiangazi

Kiswahili hakina tairi la kiangazi. Tuna tairi jipya, tairi la mtumba, tairi kipara na spea, basi. Ilibidi nifike Hannover kusoma shahada ya uzamili ya uhandisi wa maji ndipo nijue kwamba matairi mengi mapya yanayouzwa nyumbani Tanzania, Wajerumani wangeyaita matairi ya kiangazi. Sisi hatukuyapa jina kwa sababu hatuna msimu wa kuyavua.

Wao wanao. Wana msemo kwamba tairi la baridi hukaa kuanzia Oktoba hadi Pasaka. Sheria yenyewe haitaji tarehe. Inasema barabara ikiwa na theluji au barafu, gari liwe na matairi yanayofaa, na tangu Oktoba 2024 yanayohesabika ni yale tu yenye alama ya mlima na chembe ya theluji ubavuni. Kwa hiyo msimu unapogeuka gereji hufurika. Mwaka jana gereji moja jirani ilitafuta wanafunzi wa kusaidia wiki chache za Aprili, nikaenda. Kazi yangu ilikuwa kupokea magurudumu ya baridi yaliyofunguliwa, kuyaosha, kupima kina cha mifereji yake, kuyabandika jina la mwenyewe na kuyapanga kwenye rafu za chumba wanachokiita hoteli ya matairi. Sitanii, ndivyo wanavyokiita. Mteja analipia matairi yake yalale humo hadi Oktoba. Mimi nilikuwa nalala kwenye chumba cha mita za mraba 12 na sikuwa na pa kuweka sanduku.

Fundi mkuu alikuwa mzee wa maneno machache. Siku ya kwanza aliniwekea matairi mawili ya ukubwa mmoja mbele yangu, akaniambia nibonyeze kwa kidole gumba. Moja lilikuwa gumu. La pili lilibonyea kidogo, kama chapati iliyopoa vizuri. Akaeleza kwamba mpira wa tairi la kiangazi huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, kwa hiyo hauwezi tena kujibana kwenye vijitundu vya lami. Mpira wa tairi la baridi umechanganywa ubaki laini kwenye barafu, na uso wake umechanjwa chale nyingi nyembamba za kung'ata theluji. Nikamuuliza, likiachwa barabarani wakati wa joto je? Akasema linaisha haraka kama kifutio cha penseli, na breki zinakwenda mbali. Kisha akarudi kazini.

Nilipomaliza zamu nilimtumia mama ujumbe wa kumwomba picha ya tairi la gari lake.

Mama yangu ni muuguzi Lushoto. Ana RAV4 iliyokuja kwa meli kutoka Japani, na kwa miaka minne sasa gari hilo limekuwa nusu mali yake, nusu mali ya kata. Gari la wagonjwa likiwa mbali, wajawazito wanaoshindikana wanashuka na mama. Njia ni ile ya Mombo: kilometa zaidi ya 30 za lami nyembamba iliyong'ang'ania ubavu wa mlima, ukuta wa mawe upande mmoja na bonde upande wa pili, ukiteremka takriban mita 1,000 kupitia Soni hadi kwenye joto la tambarare. Mvua ikinyesha, maji hushuka na barabara kama wewe.

Picha ilikuja usiku. Ubavuni mwa tairi palikuwa na neno STUDLESS, kisha 225/65 R17 102Q, kisha tarakimu nne, 3816. Nilikuwa nimeshazisoma namba za aina hiyo mamia ya mara gerejini. Ile 102 inasema tairi linabeba hadi kilo 850. Herufi Q ni kikomo cha mwendo wa kilometa 160 kwa saa, na kwenye magari ya aina hii hukutana nayo hasa kwenye matairi ya theluji. Tarakimu nne za mwisho ni tarehe ya kuzaliwa: wiki ya 38 ya mwaka 2016. Gari lilikuwa limeondoka Japani na viatu vya theluji, likawa linateremka navyo Mombo.

Nikampigia. Tukasalimiana, nikaeleza. Mama akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, haya ni ya Kijapani. Fundi ameyaona, amesema bado yana mifereji mirefu, yatafika mwaka wa keshokutwa." Fundi hakuwa amedanganya. Mifereji ilikuwa mirefu kweli. Tairi la theluji huzaliwa na mifereji mirefu, na mtu akizoea kupima uzima wa tairi kwa kina tu, ataliona hilo kuwa lulu.

Wiki ile nilijenga jedwali. Kila mtu ana namna yake ya kuogopa, yangu ni jedwali. Nilichukua matairi tisa ya kiangazi ya magari ya juu, yale yanayoitwa SUV, ya ukubwa ule ule, niliyohakikisha kwa simu kwamba yanapatikana Tanga, Moshi au Dar es Salaam. Kwenye safu ya kwanza nikaweka bei. Kwenye safu zilizofuata nikaweka lebo ya Umoja wa Ulaya, ile iliyoanza kutumika Mei 2021: herufi A hadi E kwa matumizi ya mafuta, A hadi E kwa breki kwenye lami yenye maji, na kelele kwa desibeli. Safu ya mwisho ilikuwa ya majaribio ya ADAC, chama cha wenye magari cha Ujerumani, ambacho kila mwaka hupima matairi na kuyapa alama: asilimia 70 kwa usalama wa uendeshaji, 30 kwa mazingira, ikiwemo tairi linavyolika.

Jedwali lilinifundisha mambo ambayo sikuyatarajia. La kwanza, matairi mazuri hayavutani kwa kila kitu. Linaloshika sana lami yenye maji mara nyingi hulika mapema, na linalodumu sana mara nyingi hushika kidogo. Mtengenezaji anachagua, na mnunuzi anachagua tena. La pili, matairi ya vishina vikubwa, yale vijana wa mjini wanayapenda kwa kuwa gari linaonekana kama la porini, hushinda kwenye tope lakini kwa kawaida huhitaji nafasi ndefu zaidi kusimama kwenye lami iliyolowa. Mama huingia kwenye tope siku chache za mwaka. Kwenye lami yupo kila siku.

La tatu lilikuwa hesabu. Gari la juu ni zito na kitovu cha uzito wake kiko mbali na ardhi, kwa hiyo kila kosa la tairi hukuzwa. Nikachukua mfano rahisi wa darasani. Tairi moja lina mshiko wa 0.8, jingine 0.6, yote mawili yanakwenda kilometa 50 kwa saa kwenye tambarare. La kwanza linasimama baada ya mita 12 na kidogo. La pili linahitaji mita 16. Tofauti ya mita nne inasikika ndogo, urefu wa gari lenyewe. Lakini nikageuza swali: pale la kwanza liliposimama, la pili bado lina mwendo gani? Jibu ni kilometa 25 kwa saa. Nusu kamili. Ukianza na 80, jibu ni 40. Kwa mishiko hiyo miwili daima ni nusu. Nikafikiria ukuta wa mawe, nikafunga kompyuta.

Nikampigia mama tena, safari hii na herufi na mita zangu zote. Akaniacha nimalize. Kisha akauliza kwa upole ambao kwake ni hatari kuliko ukali, "Wewe umeiendesha barabara hii mara ngapi?"

Sijawahi. Nimeipanda kwenye basi, nimetapika ndani yake nikiwa darasa la tatu, lakini sijawahi kuiendesha. Na swali lake lilikuwa zito kuliko alivyokusudia. Lebo ile hupimwa kwenye uwanja wa majaribio, kwenye lami ya kiwango, maji ya kina cha kiwango. Haisemi kitu kuhusu kona ya Soni yenye majani ya mikaratusi yaliyooza, wala kuhusu mteremko ambao breki zinafanya kazi nusu saa nzima. ADAC nao hupima ukubwa fulani kwa gari fulani, na matokeo hayahami moja kwa moja kwenda kwenye ukubwa mwingine. Nilikuwa na jedwali la Ulaya. Yeye alikuwa na barabara.

Nikamwambia, "Sijawahi, mama. Basi niambie wewe. Inakuwaje?"

Kimya. Kisha nikasikia mlango wa gari ukifunguliwa na karatasi zikipekuliwa. Mama ana daftari la gari, kwa mazoea ya wodini: tarehe, saa, hali ya hewa, amempeleka nani. Akaanza kunisomea. Mara tatu tangu Novemba ameandika neno moja, "imeteleza". Zote tatu alasiri, zote tatu mvua imenyesha juu ya lami iliyokuwa ya moto, zote tatu chini ya Soni kuelekea Mombo. Mara ya pili alikuwa na binti wa miaka 19 nyuma, uchungu umekaza. Baada ya hiyo alibadilisha pedi za breki. Baada ya ile ya tatu alizibadilisha tena.

"Ukikanyaga inakuwaje mguuni?"

"Pedeli inatetemeka. Inanisukuma kama inakataa."

Hapo ndipo tulipokutana. Kule kutetemeka ni mfumo wa kuzuia magurudumu yasikwame: unaachia na kukamata breki mara nyingi kwa sekunde moja kwa sababu umeona gurudumu linataka kuteleza. Pedeli ikitetemeka vile, maana yake breki zina nguvu kuliko tairi linavyoweza kupokea. Pedi mbili mpya zisingesaidia. Nilimweleza hivyo, na nikasikia akivuta pumzi kama anavyovuta akisomewa majibu ya maabara yanayolingana na alichokihisi kwa mkono.

"Kumbe dalili ilikuwa hapa," akasema. "Tulikuwa tunatibu pengine."

Kuanzia hapo yeye ndiye aliyeendesha uchaguzi. Aliuliza maswali ambayo jedwali halikuwa nayo. Kati ya haya tisa, lipi fundi wa Mombo anaweza kulipata moja likipasuka, au nisubiri wiki mbili? Matano yakatoka. Lipi limetengenezwa karibuni, maana dukani linakaa juani? Akamtuma mdogo wangu aliyeko Tanga akasome tarakimu nne dukani kwa tochi ya simu. Moja likatoka kwa umri. Yakabaki matatu. Moja lilikuwa na A kwenye maji na bei ya kutisha. Jingine lilikuwa la bei nafuu, lenye D. La katikati lilikuwa na B, na sifa ya kulika taratibu. Alichukua la katikati. Nilitaka A, nikasema. Akanijibu kwamba tairi la A analoliogopa kulibadilisha kwa sababu ya bei litakuja kuwa kipara gari likiwa na mgonjwa. Nilipima hoja ile pande zote nikaikubali.

Bei ya manne ilikuwa zaidi ya mshahara wake wa mwezi. Tuligawana, mimi mawili kwa pesa ya hoteli ya matairi, yeye mawili. Hatukununua mawili kwanza. Gari lenye mshiko mmoja mbele na mwingine nyuma ni ugonjwa mwingine. Nikamwomba kitu kimoja cha bure: kupima upepo kila wiki, matairi yakiwa yamepoa. Watafiti wa NASA walionyesha mwaka 1963 kwamba mwendo ambao tairi huanza kuelea juu ya maji hupanda na kushuka pamoja na upepo uliomo. Kwenye kona za mlimani hiyo si shida kubwa, lakini tambarare ya kutoka Mombo kwenda Korogwe, baada ya mvua, ni shida hasa. Sasa hunitumia namba kila Jumatatu, bila salamu, kama kipimo cha presha.

Neno "imeteleza" halijarudi kwenye daftari. Masika moja haithibitishi chochote, mwalimu wangu wa takwimu angenikumbusha, na mama naye anasema huenda ameanza kukanyaga mapema zaidi tangu tulipozungumza. Inawezekana. Nitaipokea sababu yoyote.

Jambo ambalo hatukulipanga ni yale manne ya zamani. Mama aliyaegemeza nyuma ya nyumba, na ndani ya siku mbili watu watatu walikuja kuuliza bei. Yana mifereji mirefu, ni ya Kijapani, na kwa macho ya mtu yeyote ni mazima. Mmoja ni dereva wa Noah anayebeba walimu kwenda Mombo. Alikuwa na pesa taslimu, na mama alikuwa ametoka kulipa zaidi ya mshahara wake. Alimwambia hayauzwi. Yule dereva alidhani ni mbinu ya kupandisha bei, akaongeza. Mama akamweleza habari ya theluji. Akacheka: theluji Lushoto?

Jioni mama alimwita fundi aje na kisu. Fundi alisema ni dhambi kuharibu mali nzima hivi, na akamwomba hata mawili. Mama akasimama pale mpaka akachana ubavu wa la nne. Kisha akanitumia picha, na chini yake akaandika bei ambayo dereva wa Noah alikuwa ameifikia, bila neno lingine.